Mapumziko ya Msoma Mita

Kule jimu walimwita Kesho. Jina alipewa na kocha wake, dada mmoja mpole wa sauti na mgumu wa mikono, kwa sababu kila alipoambiwa akapumzike alijibu neno hilo moja tu. Jumatatu kesho, Jumanne kesho, Jumatano kesho. Jumapili moja kocha alikuja kufagia tu, siku ambayo jimu haifunguliwi, akamkuta amekaa kwenye ngazi na kibegi chake mapajani, anasubiri, uso umejaa matumaini.

Sisi tutamwita Mwalimu, kama walivyomwita kazini, maana hilo la Kesho lilikuwa linamkera. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja na kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji: kutembea nyumba hadi nyumba, kufunua mfuniko wa chuma ulioko chini karibu na geti, kuinama, kuandika namba, kufunika, kusonga mbele. Ualimu wenyewe ulikuwa wa kwaya. Idara yao ya maji ilikuwa na kwaya ya wafanyakazi, watu ishirini na wawili, na kila Jumanne na Alhamisi kazi zikiisha aliwapanga kwenye stoo ya mabomba na kuwaongoza kwa mikono. Mke wake alikuwa mmoja wao. Mchana alikaa dirisha la mapokezi akipokea simu za wenye malalamiko, jioni aliimba sauti ya kwanza, mstari wa mbele, pua kwa pua na mumewe.

Hayo mambo ya jimu yalianzia hapo hapo stoo. Mwaka mmoja nyuma, Mwalimu akiwa kwenye noti ya juu, amepanua mikono yote miwili, kifungo cha shati pale penye kitambi kilishindwa kuvumilia. Kiliruka kikampiga mke wake katikati ya paji la uso. Mama yule hakukatisha noti. Aliimaliza, akainama, akakiokota, na walipofika nyumbani akakiweka mezani mbele ya sahani ya mumewe. Asubuhi iliyofuata Mwalimu akaenda jimu, na tangu hapo hakukosa hata siku moja.

Kuhusu kwaya yenyewe ni lazima mjue jambo hili: Mwalimu aliwafundisha kuutii mkono. Karatasi hakuzitaka, na mtu kujihesabia kimoyomoyo ndiyo kabisa. "Wimbo uko hapa," aliwaambia akionyesha kiganja. "Mkono ukikosea, koseeni nao." Nao, maskini, walimwamini kupita kiasi. Siku moja nzi alimtua shingoni katikati ya ubeti, akajipiga kofi, na kwaya nzima ikanyamaza papo hapo kama redio iliyochomolewa. Siku nyingine alijikuna tumbo taratibu, na besi wote wakapunguza mwendo. Watu wengine wangecheka. Hawa walimfuata baadaye kumwuliza kama ile ya tumbo itakuwepo pia siku ya sherehe.

Sherehe ilikuwa ya Jumamosi, na shughuli yote ilikuwa ya kumuaga Mzee wa Pampu. Huyu aliendesha mtambo wa pampu miaka thelathini na minne. Saa kumi alfajiri anawasha, maji yanapanda tangini, mji unaamka na kuoga, na hakuna aliyewahi kujiuliza nani kayapandisha. Kwenye kwaya alisimama mstari wa nyuma, mwisho kabisa, akiimba besi. Wiki tatu kabla ya kustaafu alimfuata Mwalimu stoo, kofia mkononi.

"Mwalimu, nina ombi, na ukilikataa sitanuna."

"Sema, mzee wangu."

"Miaka yote hii nimeimba 'umm' tu. Wenzangu wanaimba maneno, mimi naimba 'umm'. Nikiondoka, nataka niwe nimesema hata mstari mmoja. Peke yangu."

Ni Mwalimu aliyezitunga zile nyimbo, ni yeye aliyegawa zile 'umm', na hakuwahi kufikiria kwamba upande wa pili kuna mtu anazihesabu. Jioni ile ile akaongeza mstari mwishoni mwa wimbo wa idara, wa sauti moja: Fungueni mabomba, maji yamefika. Tatizo likabaki macho. Mzee alikuwa haoni vizuri mbali, na kutoka mstari wa nyuma Mwalimu alikuwa kwake ukungu wenye mikono. Wakakubaliana ishara ambayo hata kipofu angeielewa: mkono wa kulia unyooke juu ya kichwa, wima. Mkono ukiwa juu, mzee anaimba. Ukishuka, ananyamaza.

"Juu naimba, chini nanyamaza," mzee alirudia. Akawa anairudia kila alipokutana naye, kwenye korido, chooni, hata kwenye foleni ya chai.

Kwa hiyo mnaona. Miaka thelathini na minne ya mtu ilikuwa imetundikwa kwenye bega moja, na bega lenyewe lilikuwa la mtu asiyejua kupumzika.

Jumatano ya wiki ile ilikuwa siku ya mabega. Kocha alimwambia achukue vyuma vyepesi, yeye akachukua vile ambavyo hata kuvitazama kunachosha. Alhamisi asubuhi alishindwa kuchana nywele. Aliegemea ukuta akawa anaburuza kichwa kwenye kitana badala ya kitana kwenye kichwa, na mke wake, aliyekuwa anapiga mswaki, akamtazama kwenye kioo mpaka povu likamdondokea kifuani. Akaenda akapiga simu. Dakika mbili baadaye akampa mumewe simu ile sikioni.

"Baba," kocha alisema kwa ile sauti yake ya kubembeleza mtoto, "misuli haikui ukiwa unanyanyua. Inakua ukiwa umelala. Leo na kesho usiguse kitu. Umenisikia? Hata kitasa cha mlango afungue mama."

Mwalimu akaapa. Mke akaandika kwenye karatasi, ALHAMISI NA IJUMAA KUPUMZIKA, akaibandika kwenye friji, na kibegi cha jimu akakifungia kwenye sanduku la chuma lenye nguo za baridi.

Sasa, kuapa ni kitu kimoja na kukaa kitini ni kingine. Mwalimu alikuwa ameomba ruhusa asubuhi ile, na alikaa kitini kama dakika nne. Kisha akaona ni vizuri ahakikishe gesi haijaisha, akaunyanyua mtungi. Haukuwa umeisha. Akaona auhakikishe tena akiwa upande wa pili wa jiko, halafu sebuleni, halafu chumbani kwa wageni, na mke wake aliporudi kuchukua miwani aliyoisahau alikuta mtungi wa gesi umeketi juu ya kitanda.

"Nilikuwa naangalia kama imeisha," Mwalimu alisema.

"Na imeisha?"

"Hapana."

"Basi irudi jikoni. Nitairudisha mimi."

Jioni kwenye mazoezi ya kwaya mambo yaliharibika zaidi. Mwalimu aliinua mikono, na mikono ikaanza kutetemeka yenyewe. Kwaya, kwa utiifu wake ule, ikatetemeka. Sauti ishirini na mbili zikaimba wimbo wa idara kama watu waliopakiwa nyuma ya lori kwenye barabara ya mashimo. Mtunza stoo, aliyeimba sauti ya tatu, alitikisa mpaka kidevu ili asikosee. Mwishowe mkono wa kulia ulipanda, kwa taabu, ukafika juu, na Mzee wa Pampu akaimba mstari wake huku naye akiutetemesha kwa uangalifu mkubwa. Akauliza kama ametetemesha vya kutosha.

Ijumaa Mwalimu alirudi kazini, na hapa ndipo alipojimaliza. Mtaa aliopangiwa siku hiyo ulikuwa na nyumba mia na ishirini, na kila nyumba ina mfuniko wa chuma, na mfuniko una mshikio mzuri katikati, na uzito wake, jamani, ni uzito wa maana. Alijiambia kwamba kufunua mfuniko ni kazi, na kazi haihesabiki. Wa kwanza aliufunua mara moja. Wa pili mara mbili, kwa kuwa hakuiona namba vizuri. Alipofika wa tano hakuwa anajidanganya tena. Saa tano asubuhi simu za mapokezi zikaanza.

"Dada, huyu mtu wenu ana shida gani na mfuniko wangu? Ameufungua na kuufunga mara kumi na mbili kwa mkono wa kulia. Sasa amehamia wa kushoto."

Mke wa Mwalimu akaandika kwenye daftari la malalamiko.

"Mama, naomba kuuliza, mita yangu imeharibika? Maana msomaji ameunyanyua mfuniko juu ya kichwa, anapumua kwa kelele, anahesabu, na namba anazozihesabu siyo za mita."

Akaandika. Simu ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja ambaye hakulalamika kabisa. Alitaka tu kujua kama atakuwa anapita kila mwezi saa hizo, ili amwite na jirani yake waje watazame. Mke alimpigia mumewe mara sita. Hakupokea, mikono ilikuwa na kazi.

Jioni alimsubiri mezani, daftari la malalamiko limefunguliwa mbele yake.

"Mfuniko ni kazi," Mwalimu alianza, kabla hajaulizwa.

"Mara kumi na mbili?"

Akakaa. Alitaka kushika kichwa, mikono haikufika, akaishia kushika kidevu. Ndipo akasema kile ambacho hakuwa amekisema kwa mtu. "Mama watoto, mimi naogopa. Unaliona lile gitaa juu ya kabati? Nililiweka pale Jumapili moja ili vidole vipumzike. Mwaka wa kumi na tisa huu. Na udereva? Nilikosa somo moja tu, nina mafua. Na kufuga kuku je? Kila kitu nilichoacha kilianza na siku moja ya kupumzika. Nikikaa siku moja, mimi najijua, sitainuka."

Mke wake alijua ni kweli, maana vumbi la lile gitaa alilifuta yeye.

"Mwaka juzi nilikwenda kwa dada yangu wiki mbili," alisema baadaye. "Ulipumzika kuniona wiki mbili nzima. Niliporudi ulikuwa umeniacha?"

"Hapana. Nilikuja kukupokea stendi."

"Ulikuja masaa matatu kabla ya basi."

"Sasa mke na vyuma ni kitu kimoja?"

"Kula ulale," alisema, akafunga daftari.

Jumamosi mkono haukupanda. Mwalimu aliujaribu kitandani, akaujaribu bafuni chini ya maji ya moto, akauomba, akautukana. Ulifika usawa wa kifua ukagoma. Wa kushoto naye akamuunga mkono mwenzake. Mke alimvalisha shati kama anavyovalishwa mtoto wa chekechea, akafunga vifungo vyote, na vilifunga vizuri, kitambi hakipo tena. Siku nyingine Mwalimu angefurahi.

Uwanja wa ofisi ulikuwa umepangwa viti, mkurugenzi yuko mbele na tai yake, wafanyakazi na familia zao nyuma. Mwalimu alimtafuta mzee ili amweleze, wabadilishe ishara, hata kukohoa ingetosha. Alimkuta nyuma ya jengo amevaa suti mpya ya kijivu, amegeukia ukuta, midomo inakwenda. "Juu naimba, chini nanyamaza." Mzee akamwona, akatabasamu.

"Mwalimu, leo alfajiri nimewasha pampu kwa mara ya mwisho. Tangi limejaa. Nikaona ni vizuri nikiimba kwamba maji yamefika, yawe yamefika kweli."

Mwalimu aliona haya kumweleza. Alijidanganya kwamba mkono utapata joto ukianza kazi. "Utauona tu, mzee wangu," akasema, na akaondoka akijichukia.

Wimbo ukaanza. Wimbo wa idara ni wa kishindo, umetungwa uimbwe kwa kifua kizima, lakini mikono ya Mwalimu ilikuwa inaelea pale penye kitovu, na kwaya ikauimba pale penye kitovu. Walinong'ona beti zote tatu. Mkurugenzi alisogea mbele mpaka akabaki amekalia ncha ya kiti. Mtoto mmoja wa mhasibu akalala. Ikafika noti ya mwisho, ile ndefu ambayo kwaya nzima huishikilia mpaka mzee aingie, na Mwalimu akauinua mkono wa kulia kwa nguvu zake zote.

Ukafika kifuani. Jasho likamtoka. Kwaya ikashikilia noti. Akasukuma kwa kiuno, akainuka kwa vidole vya miguu akidhani atausaidia, mkono ukabaki pale pale na yeye ndiye akarefuka. Kwaya ikashikilia. Mtunza stoo alibadilika rangi, sauti ya pili wakaanza kupumua kwa zamu, mmoja akashika bega la mwenzake. Hakuna aliyefikiria kunyamaza, mkono haujasema. Na kule nyuma Mzee wa Pampu alikuwa amenyoosha shingo, amekaza macho, anautafuta mkono kwenye ule ukungu wake, haupo. Uso wake ukaanza kushuka polepole, kama mtu anayeelewa kwamba kumbe alikuwa amesahauliwa. Mwalimu aliuona uso ule. Hakuwahi kujiona mjinga kama wakati ule.

Mke wake akatoka kwenye mstari. Alitembea hatua tatu bila kuacha kuimba, akaweka kiganja chini ya kiwiko cha mumewe, kingine kwenye kifundo cha mkono, akasukuma juu kwa mara moja. Mwalimu alitoa sauti nyembamba ya ajabu, na wengi walidhani ni sehemu ya wimbo. Mkono ukasimama wima juu ya kichwa.

"Fungueni mabomba," akaimba Mzee wa Pampu, "maji yamefika."

Sauti ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, na mwanzoni ilisita kidogo. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeiweka muda mrefu. Mstari ukaisha. Mwalimu akasubiri mkono ushushwe. Haukushushwa.

"Shusha," alinong'ona.

"Bado," mke alijibu.

Na kwa kuwa mkono ulikuwa juu, mzee akaimba tena. Mara hii hakusita. Mara ya tatu alikuwa amenyoosha mgongo na watu wa nyuma wamesimama. Mwalimu, machozi yanamtiririka kwa maumivu na kwa hilo jingine, alisema "mama watoto, nakufa," naye akamwambia angoje kidogo. Mara ya nne mzee aliimba kwa nguvu mpaka mfagizi wa uwanja, aliyekuwa amesimama karibu na bomba la bustani, akaona ameagizwa yeye, akalifungua. Maji yakatoka kwa kasi yakapita chini ya viti. Mkurugenzi akanyanyua miguu. Hakuna aliyekasirika, na mke wa Mwalimu akaushusha mkono.

Kocha aliposikia, alimpiga marufuku siku kumi. Akasema akimwona hata anapita karibu na jimu atamwitia mkewe.

Jumapili asubuhi, basi, Mwalimu alikuwa amekaa barazani, mkono umening'inizwa kwa mtandio wa mke wake, anatazama ukuta. Ilikuwa haijafika hata saa moja. Geti likalia, akaingia Mzee wa Pampu, amevaa viatu vyake vya kazi.

"Nimeamka saa kumi," mzee alisema. "Nimevaa, nimekwenda mpaka mtamboni. Mlinzi amenirudisha. Amenirudisha kwa heshima, lakini amenirudisha."

"Kaa, mzee wangu."

Akakaa. Wakatazama ukuta pamoja.

"Wewe umepewa ngapi?" mzee akauliza.

"Siku kumi."

"Mimi nimepewa zote zilizobaki." Alisugua magoti. "Zinafanywaje?"

"Sijui. Mke wangu anasema tunakaa tu."

Wakajaribu. Walikuwa wamefika mbali kidogo, labda dakika tano, wakati muuza gesi alipousimamisha mtungi mpya nje ya geti na kupiga hodi. Wote wawili waliinuka kwa pamoja, mmoja kwa mkono mzima, mwingine kwa mkono ambao haukuwa mzima. Dirisha la jikoni likafunguka, na mke wa Mwalimu, mwiko mkononi, akainua mkono wake wa kulia juu ya kichwa, wima, kuwaambia wasimame hapo hapo.

Mzee wa Pampu aliukazia macho ule mkono. Akavuta pumzi.

"Fungueni mabomba," akaimba, "maji yamefika."

Mama alishtuka, mwiko nusura umponyoke. Kisha akamtazama yule mzee na viatu vyake vya kazi, akaegemeza kiwiko kwenye fremu ya dirisha ili asichoke haraka, na mkono akauacha juu. Mzee akarudia. Mwalimu akakaa chini taratibu. Kwa kuwa hakuwa na mkono wa kuongozea wala kitu cha kunyanyua, akafumba macho, akatafuta besi, akaanza kuimba "umm".